Hodi Isiyongoja Karibu

Mjomba wangu alitoka Mlingotini juu ya baiskeli ya kubebea samaki. Vijana wawili waliisukuma kutoka ufukweni hadi barabara ya Bagamoyo, mmoja ameshika usukani, mwingine amemwegemeza mzee mgongoni, maana kukaa sawasawa alikuwa hawezi. Alikuwa anatetemeka kwa homa. Chini ya shuka aliyojifunga, kidonda cha upasuaji kilikuwa kimetunga usaha. Barabarani walingoja daladala mbili zikawapita kabla ya ya tatu kukubali kumpakia.

Ulikuwa mwaka 2007. Wiki tatu nyuma yake mjomba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa busha katika hospitali moja, na upasuaji ule ulikwenda vizuri. Daktari alifanya kazi yake kwa ustadi, nyuzi zilikaa, mgonjwa akatoka akitembea kwa miguu yake. Kilichoharibika ni siku zilizofuata, siku ambazo hakuna mtu aliyekuwa anazihesabu.

Wakati huo mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji jijini Dar es Salaam. Kila asubuhi niliwaambia wagonjwa wanaoruhusiwa, "Baba, usisahau tarehe ya kurudi. Mama, kidonda kisiguswe na maji." Nikiwaambia wa wenzangu, wa kwetu sikumwambia. Nilikuwa na namba ya simu ya jirani yake. Nilikuwa na salio. Ujumbe mmoja tu wa maneno matano ungetosha, nami sikuutuma, kwa sababu nilidhani mtu aliyepewa kadi amekwisha kumbushwa.

Nilipofika alikolazwa nilimkuta amefumba macho, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

Nikamwacha apumue. Kisha nikamuuliza kilichokuwa kinanikera tangu nilipopata habari: mbona hukurudi kutolewa nyuzi?

Hakukasirika. Aliniambia nifungue mfuko wake nitoe juzuu. Ndani ya juzuu ile, katikati ya kurasa, ilikuwamo kadi ya hospitali, safi, haijakunjwa hata pembe. Hakuna mahali pa heshima zaidi ambapo mtu kama yeye angeweza kuiweka. Nikaisoma. Kwenye mstari wa tarehe ya kurudi paliandikwa 1/52.

Kwetu sisi wa hospitali hicho ni kifupisho cha kila siku: moja juu ya hamsini na mbili, yaani wiki moja kati ya wiki za mwaka. Kwa mtu mwingine yeyote hakina maana. Mjomba alisoma chuo cha Kurani tangu utotoni, anaisoma na kuiandika khati ya Kiarabu bila kusita, na barua zake za zamani kwa mama yangu ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi hizo. Kwenye faili lake, hata hivyo, paliandikwa kuwa hajui kusoma. Kadi ile alimpelekea mwalimu wa shule amsomee. Mwalimu naye akashindwa, akakisia kuwa pengine ni namba ya kitanda.

"Nikasema nitaulizia," mjomba akaniambia. "Nikaangalia maji, nikaona ni bamvua. Mke wangu yuko mwani, vijana wako baharini. Nani anisindikize? Nikasema maji yakiwa mafu nitakwenda. Kidonda hakikungoja maji."

Aliyekulia Mlingotini ataielewa sentensi hiyo bila tafsiri. Kijiji chetu kinatazama hori na mikoko, na saa yake kuu ni bahari. Bamvua ikija, maji yanakupwa mbali, wanawake wanashuka na kamba na vigingi vyao kufunga na kuvuna mwani, na wanaume nao wana shughuli zao. Siku hizo nyumba hubaki na watoto na wagonjwa. Kalenda ya hospitali inahesabu Jumatatu hadi Ijumaa. Kalenda ya kwetu inahesabu bamvua na maji mafu. Mjomba hakupuuza tarehe. Alikuwa anaishi ndani ya tarehe nyingine.

Kulikuwa na jambo la tatu, ambalo hakulisema nami sikulazimisha alitaje. Pwani, busha ni ugonjwa unaojulikana na kila mtu na usiotamkwa na mwenye nao. Wazee waliamini unaletwa na madafu. Ukweli ni kwamba asili yake ni minyoo wa filaria wanaoenezwa na mbu, wakiwamo wale wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kinga, ivermectin na albendazole, ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000 kisha ukaenea sehemu nyingine za nchi. Dawa hizo hukata mnyororo wa maambukizi, lakini busha lililokwisha kukua huondolewa kwa kisu. Mwanamume anayefika mezani kwa daktari ameshashindana na aibu kwa miaka. Kumwambia avae, aende nyumbani, kisha arudi ajivue tena mbele ya wauguzi wenye umri wa binti zake, ni kumtaka ashinde vita vilevile mara mbili.

Mjomba alipona. Ilichukua miezi. Kidonda kilifunguliwa, kikasafishwa kila siku, kikaachwa kijae taratibu kutoka chini. Msimu mzima wa uvuvi ulimpita. Siku aliyoruhusiwa aliniambia msemo wa mabaharia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikaenda nao nyumbani, nikaulaza kichwani usiku kucha. Hospitali zetu zimejua sana kumpeleka mtu tezi na omo. Marejeo hatujayatengenezea njia.

Mwaka uliofuata nilinunua kaunta buku la kwaya mbili na, kwa ruhusa ya mkuu wangu wa wodi, nikaanza kuandika jina la kila mgonjwa anayetoka, aina ya upasuaji, tarehe ya kurudi na namba ya simu. Jioni, nikimaliza zamu, niliketi na simu yangu ndogo ya vitufe nikatuma ujumbe mmoja mmoja. Hapakuwa na kompyuta wala programu. Kulikuwa na kifurushi cha ujumbe, daftari na kidole gumba kilichokuwa kinauma.

Niliingia katika kazi hiyo nikiamini kwamba watu husahau, na ukiwakumbusha watarudi. Ni kweli kwa sehemu. Baadaye nilisoma utafiti uliofanyika Nyanza, magharibi mwa Kenya, uliotolewa mwaka 2012, nikaona ulikuwa umepima kitu kilekile nilichokuwa nakifanya kwa daftari. Wanaume 1,200 waliotahiriwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe kila siku kwa siku saba, jingine halikutumiwa. Waliotumiwa walirudi kuangaliwa kwa asilimia 65.4, wasiotumiwa kwa asilimia 59.7. Kati ya kila wanaume mia, ujumbe uliwarudisha kama sita ambao pengine wasingerudi. Kwa muuguzi aliyewahi kuona kidonda cha mtu mmoja kilichooza, sita ni wengi. Lakini takwimu hizohizo zilinionyesha upande wa pili: hata baada ya ujumbe wa siku saba, mtu mmoja kati ya watatu hakurudi. Na miongoni mwa walioshindwa, nauli kubwa na elimu ndogo vilijitokeza wazi. Kusahau kulikuwa tatizo mojawapo tu.

Daftari langu lilinifundisha mengine, na somo la kwanza lilikuwa chungu.

Nilimtumia mzee mmoja ujumbe: "Kumbuka kesho kutolewa nyuzi za busha." Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nilipopiga simu ikapokelewa na kijana, naye akajibu kwa sauti ya chini kwamba namba ile ni yake yeye, na mzee ni baba mkwe wake. Alipoandikishwa wodini, mzee alitoa namba pekee aliyoikumbuka. Hivyo siri ambayo mzee aliificha hata kwa mkewe wa pili, mimi nilimfikishia mkwe wake, mtu ambaye kwa mila zetu hata kula naye sahani moja huleta soni. Nilidhani nimembisha hodi mgonjwa. Kumbe nimemvua nguo barazani.

Tangu siku ile nikawa nauliza maswali mawili kabla ya kuandika namba: simu hii ni ya nani, na nani mwingine huisoma? Na ugonjwa nikaacha kuutaja. Niliandika, "Habari za nyumbani? Jumatano saa 2 asubuhi tunakungoja. Dada wa wodini." Mwenye kujua alijua, asiyejua aliona salamu. Leo nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Ila naamini muuguzi anayeketi kutuma ujumbe anahitaji pia kulikumbuka lile ambalo bibi zetu walitufundisha kabla ya sheria yoyote: la chumbani halisemwi uani.

Somo la pili lilikuwa maji. Nilianza kuandika pembeni ya jina la kila mgonjwa wa pwani kama nyumba yao ni ya mwani, ya uvuvi au ya shamba. Tukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya siku mbili, tulimpa ile ya maji mafu. Wavuvi waliokuwa wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, niliwauliza namba ya nahodha. Mwezi wa Ramadhani nilituma ujumbe baada ya futari, si mchana. Haya hayakugharimu hata senti. Yaligharimu kuuliza.

Somo la tatu ndilo lililonifungua macho, na lilitoka kwa mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji. Alirudi akiwa amechelewa siku sita, mshono umeanza kuachia. Nikamwambia, kwa ukali nilioujutia baadaye, kwamba nilimtumia ujumbe mara mbili.

Akasema, "Dada, niliupata. Nilikuwa nataka kukuuliza, maji yanayotoka kidondani ni ya kawaida? Lakini ujumbe ulisema nije Jumatatu, haukusema niulize."

Nikanyamaza. Mama yule alikuwa ameshika simu mkononi, dalili ya hatari inamtoka tumboni, na ujumbe wangu mbele ya macho yake. Hakujibu kwa sababu sikumwachia mlango wa kujibia.

Mswahili akifika nyumba ya mtu hupiga hodi, kisha hungoja. Kama hakuna jibu hurudia ya pili, na ya tatu. Hodi si tangazo kwamba nimefika. Ni ombi la kusikia sauti ya aliye ndani, na sauti hiyo ndiyo inayomwambia mgeni kama nyumba ina heri au ina msiba. Mtu anayepiga hodi akaondoka bila kungoja karibu, watoto wa mtaa humwona kuwa ana lake jambo. Nami kwa miaka miwili nilikuwa nazunguka nyumba za wagonjwa nikipiga hodi na kukimbia.

Nikabadilisha maneno. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, mgonjwa alipata ujumbe: "Hodi. Umeamkaje? Jibu SALAMA au KUNA JAMBO." Aliyejibu kuna jambo nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Aliyekaa kimya siku mbili nilimpigia pia, kwa kuwa hodi ya tatu isiyojibiwa kwetu humfanya jirani asukume mlango.

Sikujua kwamba si mimi wa kwanza. Nchini Kenya, tangu mwaka 2007, watafiti wa mradi wa WelTel walikuwa wakiwatumia watu wanaoishi na VVU ujumbe wa neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na muuguzi aliwapigia wenye shida na walionyamaza. Wagonjwa walikuwa 538 katika kliniki tatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba asilimia 62 ya waliokuwa wakiulizwa "Mambo?" walimeza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Neno lenyewe halikuwa na elimu yoyote ya afya ndani yake. Halikutaja dawa, halikutaja ugonjwa. Lilikuwa salamu, na nyuma ya salamu alikuwapo mtu.

Zanzibar nako, mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya Unguja walihusishwa katika utafiti. Walio katika kundi la simu walitumiwa ujumbe, na walipewa pia vocha ili waweze kumpigia mhudumu wao. Asilimia 44 yao walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, wenzao asilimia 31. Nikisoma habari hiyo, macho yangu husimama kwenye vocha. Mtu alifikiri kwamba mama naye huenda ana la kusema, akamlipia sauti yake.

Kisha kuna utafiti wa Dar es Salaam na Kilimanjaro, uliotolewa mwaka 2020. Wanawake waliokutwa na kirusi cha HPV, kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, walitakiwa kurudi kupimwa tena baada ya miezi 14. Kundi moja lilitumiwa ujumbe wa kuelimisha na kukumbusha, ujumbe wa upande mmoja. Waliorudi walikuwa takriban robo katika kundi lile, na takriban robo katika kundi lisilotumiwa chochote. Hapakuwa na tofauti ya maana. Magonjwa haya hayafanani, muda haufanani, na sitaki kulazimisha mizani. Lakini niliposoma matokeo hayo nilimkumbuka mama wa mshono, na sikushangaa.

Nauli nayo sina budi kuitaja, maana yuko mgonjwa anayekumbuka, anayetaka, na ambaye mfuko wake hauna kitu. Ujumbe mtupu kwa mtu kama huyo ni kumwongezea unyonge. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililiona hilo mapema. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2009 hospitali hiyo ikaanza kuitumia kutuma nauli ili wanawake wenye fistula, wengine wakiwa mikoa ya mbali kabisa, waweze kusafiri kuja kutibiwa bure. Simu ileile inayoleta maneno ilileta na nauli ya basi. Nasi wodini, kwa kiwango chetu kidogo, tulianza kuchangishana; na pale tuliposhindwa, tulimwuliza mgonjwa kama muuguzi wa zahanati ya kwao anaweza kumtoa nyuzi. Mara nyingi aliweza. Ilikuwa ni barua ya mistari mitatu tu iliyokosekana.

Sasa nimestaafu, nimerudi Mlingotini. Nasikia mifumo mipya hutuma maelfu ya ujumbe kwa dakika moja bila kidole gumba kuuma, nami nafurahi. Ninachoomba kwa wanaoitengeneza ni kitu kimoja: kabla hamjauliza mashine itatuma jumbe ngapi, ulizeni nani ataketi kusoma majibu, na atakuwa na salio la kupiga simu. Muuguzi huyo awekwe kwenye bajeti kabla ya mashine. Bila yeye, maelfu ya hodi zitapigwa mitaani, na ndani ya nyumba watu watakuwa wanaugulia kimya.

Mwaka 2014 mjomba alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Safari hii tarehe yake ya kurudi iliandikwa kwa maneno, nami mwenyewe nikaiandika tena nyuma ya kadi kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wangu mbaya alioucheka. Aliweka matone jichoni kama alivyoelekezwa. Siku ya kurudi alirudi. Nami kila baada ya siku mbili nilituma ujumbe kwenye simu ambayo sasa ilikuwa yake mwenyewe, na mjukuu ndiye aliyemsomea na kunijibia salama.

Wiki ya pili nikatuma kama kawaida: "Hodi mjomba. Jicho limeamkaje?"

Jibu likaja herufi tatu: KRB.

Nililitazama nisilielewe. Si salama, si jambo. Nikawaza mtandao umekata maneno, nikawaza kuna lililompata akashindwa kumaliza kuandika. Nikapiga simu mara moja, moyo ukinidunda.

"Mjomba, kuna nini?"

"Kuna nini tena? Umepiga hodi, nimekujibu."

Alikuwa ameandika mwenyewe. Jicho lilikuwa linaona vitufe, mjukuu alikuwa shuleni, na hakutaka kuningojesha mlangoni. Aliliandika neno kama mkono wake ulivyozoeshwa chuoni miaka sitini nyuma, konsonanti zikibeba neno na irabu zikiachiwa msomaji azitie mwenyewe. Kaf, ra, ba. Karibu.